Kompyuta Isihukumiwe Kabla ya Kufunguliwa

Katika vitu vyote vilivyomo ndani ya kompyuta hakuna kinachodharauliwa kama pesti ya prosesa. Diski hutajwa, kumbukumbu hutajwa, kioo husifiwa kwa upana wake. Lakini ule ute mzito, mweupe au wa kijivu, unaopakwa baina ya prosesa na chuma cha kuipoza, hautajwi na mtu. Hauna taa wala waya, wala haufanyi hesabu yoyote. Kiasi chake hakizidi punje ya choroko. Walakini ukikauka, mashine nzima huonekana kuwa imekwisha, na mara nyingi hupelekwa stoo kabla ya siku zake.

Maoni yangu juu ya jambo hili ni mawili. La kwanza, shule yetu isiihesabu kompyuta yoyote kuwa mbovu kabla haijafunguliwa, ikapanguswa vumbi na kupakwa pesti mpya. La pili, kazi hiyo tuifanye sisi wanafunzi wenyewe, mwalimu akiwapo. Najua kwamba wako watakaopinga, nami nitawajibu. Lakini kwanza yafaa nieleze pesti ni kitu gani, maana wazee wetu wengi wasomao gazeti hili hawajapata kuona ndani ya kompyuta, na hata baadhi yetu tunaosoma somo la kompyuta tumeiona katika picha tu.

Prosesa ndiyo sehemu ifanyayo hesabu zote za kompyuta. Umeme unaoingia ndani yake hauishii hewani. Karibu wote hugeuka kuwa joto. Mathalan, prosesa ya Intel iitwayo Core i5-6500, iliyotoka mwaka 2015 na ambayo bado imo katika kompyuta nyingi za mezani, imepangiwa joto la wati 65. Mtu atasema, "Wati 65 ni kitu gani? Hata balbu zile za zamani zilikuwa na wati 60." Ni kweli, lakini balbu ile ilikuwa haishikiki kwa mkono, nayo ilikuwa na uso mpana wa kutolea joto. Kipande cha silikoni kilichomo ndani ya prosesa hiyo kina eneo la milimita za mraba 122 tu, nacho hakifiki ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Tulinganishe na pasi ya umeme. Pasi yenye wati 1,000, ambayo uso wake ni sentimita za mraba 200, hutoa wati 5 katika kila sentimita ya mraba. Prosesa ile hutoa wati 53 katika kila sentimita ya mraba, yaani zaidi ya mara kumi ya pasi. Basi kama si kwa ajili ya kupozwa, haingedumu hata dakika moja.

Namna ya kuipoza ni hii. Juu ya silikoni pamewekwa kofia ya shaba iliyopakwa nikeli. Juu ya kofia huwekwa hitisinki, nayo ni pande la alumini au la shaba lenye mapezi mengi kama ya samaki, na juu ya mapezi hayo au ubavuni pake hufungwa feni. Joto hutoka katika silikoni, likapita katika kofia, likaingia katika hitisinki, likaenea mapezini, na huko feni hulipeperusha. Njia yote ni nzuri isipokuwa mahali pamoja, napo ni pale kofia inapokutana na hitisinki. Nyuso zile mbili huonekana laini, lakini ukizitazama kwa hadubini utaona vilima na mabonde. Zikikutana, hugusana vilimani tu, na mabondeni hubaki hewa. Na hewa, kama tulivyofundishwa katika fizikia, ni mpitishaji mbaya sana wa joto; ndiyo sababu sweta ya sufu, ambayo imejaa hewa katikati ya nyuzi zake, hututunzia joto asubuhi za baridi.

Jambo hili mama zetu walilijua zamani kabla ya mafundi wa kompyuta. Chapati ikiwa kavu na imeinuka katika kikaango, pale ilipoinuka hubaki nyeupe, na pale ilipogusa chuma huiva. Mpishi hufanya nini? Hutia mafuta kidogo, kisha huikandamiza. Mafuta hujaza nafasi zilizokuwa na hewa, na mkandamizo huzipunguza nafasi zenyewe. Chapati ikaiva sawasawa. Pesti ndiyo mafuta yale, na skrubu za hitisinki ndizo mkono wa mpishi. Wala hakuna mpishi mwenye akili anayejaza kikaango mafuta kwa chapati moja.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Hudhani kwamba pesti hupoza, kama vile barafu inavyopoza, na kwamba ikiwa nyingi itapoza zaidi. Sivyo. Pesti haipozi kitu chochote. Kazi yake ni kujaza mabonde tu. Katika kipimo cha wanafizikia, cha wati kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto, shaba ina 400 hivi, alumini ina 237, na hewa ina 0.026. Pesti nyingi za kawaida zina baina ya 1 na 10. Tuchukue pesti yenye 4. Hiyo hupitisha joto mara 150 kuliko hewa. Lakini shaba nayo hupitisha mara 100 kuliko pesti hiyo. Basi pesti ni rafiki pale ilipochukua mahali pa hewa, nayo ni adui pale ilipochukua mahali pa chuma.

Ninayo hesabu ndogo ambayo kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kuirudia. Tuseme uso wa kofia ni milimita 30 kwa 30, na joto lipitalo ni wati 65, likienea sawasawa. Zidisha joto kwa unene wa pesti, kisha gawanya kwa upitishaji na kwa eneo, ukiweka vipimo vyote katika mita. Pesti ikiwa na unene wa milimita 0.05, kama unywele mmoja, tofauti ya joto baina ya kofia na hitisinki ni pungufu kidogo ya nyuzi 1. Pesti hiyohiyo ikiwa na unene wa nusu milimita, tofauti huwa nyuzi 9. Na kama pengo lile la unywele lingejazwa hewa tupu pasipo chuma kugusa chuma mahali popote, hesabu ingedai nyuzi 139. Kwa kweli haifiki huko, maana vilima hugusana hapa na pale. Lakini hesabu inatuonyesha njia. Hewa ni mbaya mno, pesti nene ni mbaya, na pesti nyembamba ni nzuri.

Sasa tujiulize, kiasi gani kinatosha? Milimita 30 mara 30 mara 0.05 ni milimita za ujazo 45. Ukikifinyanga kiasi hicho kiwe mviringo, kipenyo chake kitakuwa kama milimita 4 na nusu. Maagizo mengi ya ng'ambo husema "kiasi cha njegere ndogo". Mimi nasema punje ya choroko, maana choroko kila mmoja wetu ameichambua. Tumezoea kuambiwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Katika kazi hii haba moja inatosha, na kibaba ni hasara.

Mafundi wengine hubishana sana juu ya namna ya kuiweka. Huyu hutia nukta moja katikati, huyu mstari, huyu msalaba, na mwingine huipaka yote kwa kadi kama mtu apakaye siagi katika mkate. Kwa prosesa ya kawaida ya mezani, naona ubishi huo ni mkubwa kuliko faida yake. Skrubu zikikazwa vizuri, pesti huenea yenyewe. Hata iliyozidi kidogo hukamuliwa ikatoka pembeni, na hasara yake ikawa ni uchafu tu. Prosesa yenye umbo la mstatili, kama zile za Intel za tangu mwaka 2021 zenye milimita 37.5 kwa 45, hufaa kupewa mstari au nukta mbili. Yaliyobaki ni mazoea ya kila fundi. Makosa makubwa ni mengine: kuacha pesti kavu ya zamani na kuweka mpya juu yake, kukaza skrubu upande mmoja, na kusahau kubandua karatasi nyembamba ya plastiki iliyobandikwa chini ya hitisinki mpya.

Kazi yenyewe si ndefu. Niliyoyaandika hapa nimejifunza wakati wa likizo, nikimsaidia mjomba wangu ambaye ni fundi, nayo ni haya. Iwashe mashine kwa dakika chache ili pesti ya zamani ilainike, kisha izime na uchomoe waya wa umeme. Bonyeza tena kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, na uguse chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini mwako utoke. Ondoa vumbi mapezini kwa brashi laini, ukiizuia feni kwa kidole isizunguke. Chomoa waya wa feni. Legeza skrubu kwa mkingamo, hii kidogo na ile ya upande wa pili kidogo. Hitisinki usiivute kwa nguvu. Izungushe taratibu kushoto na kulia mpaka iachie. Katika prosesa za AMD zenye vijipini chini yake, mtu akivuta kwa ghafula huweza kuing'oa prosesa nzima pamoja na hitisinki, na vijipini vikapinda.

Kisha futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowanishwa spiriti ya isopropili, juu ya kofia na chini ya hitisinki, mpaka chuma king'ae. Ukiisha safisha usiguse kwa vidole, maana vidole vina mafuta. Weka punje yako ya choroko katikati. Teremsha hitisinki wima, na ikiisha kukaa usiiinue tena, kwa kuwa ukiinua utaingiza mapovu ya hewa, nawe itakupasa kufuta na kuanza upya. Kaza skrubu kwa mkingamo kama ulivyozilegeza. Rudisha waya wa feni. Ikiwa hitisinki ni mpya na imekuja na pesti yake kutoka kiwandani, usiongeze nyingine.

Kabla sijaingia katika habari ya shule yetu, yafaa niwaonye wenzangu juu ya mambo mawili. Kwanza, wako wasemao kwamba dawa ya meno yaweza kutumika badala ya pesti. Kwa muda mfupi huonekana kufaa, kwa kuwa ni laini na hujaza mabonde. Lakini ina maji ndani yake, na maji hayo yakikauka kwa joto hubaki ganda na nyufa. Kadhalika mafuta ya kujipaka huyeyuka kwa joto dogo yakatiririka. Pesti ya kweli hutengenezwa kwa mafuta ya silikoni yasiyokauka upesi, yakichanganywa na unga laini wa kupitisha joto. Katika pesti nyeupe za bei ndogo unga huo aghalabu ni oksidi ya zinki, ileile iliyomo katika kalamini, dawa ya rangi ya waridi tunayopakwa tukiwashwa ngozi. Lakini msikimbilie kwa matroni kuomba kalamini, maana nayo ina maji.

Pili, kuna pesti ya metali ya maji, ambayo hutengenezwa kwa galiamu. Hiyo hupitisha joto vizuri sana, hata kampuni ya Sony iliitia katika PlayStation 5 mwaka 2020. Lakini Sony waliizungushia kizuizi cha pekee, nao walikuwa na sababu. Galiamu huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 30, hupitisha umeme, na ikigusa alumini huila mpaka ikavunjika kama biskuti. Tone moja likidondoka juu ya bodi ya kompyuta huweza kuiua. Hiyo si ya chumba cha shule, na afadhali mtu asiinunue hata akiuziwa kwa bei rahisi.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa pesti ni jambo kubwa hivyo, mbona hatuoni kompyuta zikiungua moto? Jibu lake ndilo kiini cha maneno yangu. Zamani ziliungua. Mwaka 2001 waandishi wa Tom's Hardware waliondoa hitisinki katika mashine zilizokuwa zikifanya kazi, wakapiga filamu. Prosesa ya AMD Athlon ilitoa moshi kwa muda mfupi ikafa. Pentium 4 ya Intel haikufa. Ilijipunguzia mwendo ikaendelea polepole. Tangu siku hizo watengenezaji wote wamefuata njia hiyo. Prosesa ya leo ikikaribia kikomo chake, ambacho kwa nyingi ni karibu nyuzi 100, hupunguza kasi yake yenyewe. Ikishindwa hata hivyo, huizima mashine.

Hiyo ni hekima kubwa ya watengenezaji, lakini imetuletea hukumu ya uongo. Zamani mashine iliyokosa pesti ilitoa moshi, na kila mtu alijua kuna ajali. Leo huwa nzito tu. Mwanafunzi hufungua ukurasa, akangoja. Feni hupiga kelele. Baada ya dakika kumi mashine huzimika yenyewe. Nasi twasema, "Hii imezeeka." Ni sawasawa na kumwita mvivu mtoto mwenye homa. Mashine haijazeeka; inajilinda, nasi twaiadhibu kwa kujilinda kwake.

Tena sisi tuna sababu ya kuangalia jambo hili kuliko watu wa nchi za baridi. Hitisinki haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Huhesabu juu yake. Mashine ambayo hupanda nyuzi 45 juu ya hewa ya chumba, itakuwa na nyuzi 65 mahali penye nyuzi 20, lakini itakuwa na nyuzi 78 katika chumba chetu adhuhuri ya mwezi wa pili, penye nyuzi 33 na dirisha moja lisilofunguka. Ongeza vumbi jekundu la uwanja wa michezo, ambalo wakati wa kiangazi huingia kila mahali, likafanya blanketi katika mapezi. Mashine iliyodumu miaka kumi Ulaya bila kuguswa, hapa haiwezi kuachwa hivyo hivyo.

Sasa nije kwetu. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine ishirini. Kumi na tatu zinafanya kazi, na saba zimebandikwa karatasi yenye neno MBOVU. Kati ya saba hizo, sisi tuliozitumia tunakumbuka kwamba nne zilianza kwa dalili zilezile nilizozitaja: uzito, kelele ya feni, kisha kuzimika. Hazikuwahi kufunguliwa. Kwa hiyo katika kipindi wanafunzi watatu hukaa mbele ya mashine moja.

Wapo watakaosema kwamba watatu kwa mashine moja si vibaya, maana wenzetu wa shule nyingine hawana hata moja. Lakini tazameni ni nani anayeshika kipanya. Ni yule ambaye kwao kuna kompyuta, au ambaye baba yake ana laptopu. Vidole vyake vimezoea, naye hufanya upesi ili kazi iishe. Yule aliyetoka kijiji ambacho umeme umefika juzi, ambaye chumba kile ndicho mahali pake pekee duniani pa kugusa kompyuta, hukaa pembeni akitazama. Hupita Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne akitazama. Halafu mtihani humjia sawa na wote. Nawaambia kweli, katika darasa letu wako watu wa namna hiyo, nao si wajinga. Kila mashine inayofufuka ni nafasi ya watu hao. Ndiyo sababu nikasema kwamba neno hili ni zito.

Nije kwa wapinzani. Wa kwanza husema kwamba kompyuta ni mali ya Serikali, na mwanafunzi haruhusiwi kuigusa ndani. Nami nakubali kwamba mali ya Serikali ina taratibu zake, na mtu asiende na bisibisi usiku. Lakini mali ya Serikali haitunzwi kwa kuachwa ife. Jembe la shamba la shule nalo ni mali ya Serikali, na mpini wake ukilegea twaukaza wenyewe bila kungoja barua. Naomba tu kwamba Mkuu wa Shule atoe ruhusa kwa maandishi, na mwalimu asimame pale.

Wa pili husema, "Wataziharibu." Hofu hii ina haki yake. Lakini katika maabara ya kemia sisi hupewa asidi ya salfuriki, ambayo yaweza kupofusha macho, na hatujakatazwa, tumefundishwa. Tena sikusema tuanze na mashine nzima. Tuanze na moja katika zile saba, ambayo mahali ilipo sasa haimsaidii mtu. Tukishindwa, tutakuwa tumepoteza mashine ambayo tayari tulikwisha ihesabu kuwa imepotea.

Wa tatu husema kwamba hiyo ni kazi ya fundi. Sawa, nami namheshimu fundi, maana mmoja ndiye aliyenifundisha. Lakini fundi hutoka mjini, hulipwa nauli na siku yake, na kwa ajili hiyo huitwa mara moja kwa mwaka, pengine asiitwe kabisa. Fundi tumwachie bodi iliyoungua na pawasaplai iliyokufa. Kupangusa vumbi na kupaka pesti ni kazi ya mwenye nyumba, kama vile kuongeza maji katika rejeta ni kazi ya dereva.

Wa nne, na huyu yumo miongoni mwetu wanafunzi, husema, "Halitoki katika mtihani." Kwake sina maneno mengi. Upitishaji wa joto unatoka katika mtihani wa fizikia, na hesabu niliyoiandika hapo juu haikutoka mahali pengine. Mtu aliyekwisha kuishika hitisinki kwa mkono wake hatasahau maana ya mpitishaji mzuri na mpitishaji mbaya. Na mtu asiyesoma ila kwa mtihani, akiisha mtihani amebaki na nini?

Kwa upande wa gharama, wazazi wasiwe na wasiwasi kwamba naomba mchango mwingine. Bomba dogo la pesti lenye gramu 4, kwa kipimo cha choroko, hata tukipoteza nusu yake kwa kujifunza, litatosha mashine zaidi ya kumi. Pamoja na hilo tunahitaji spiriti, brashi, bisibisi moja na kitambaa safi. Fedha hizo klabu ya kompyuta inaweza kuzipata kwa kuuza mboga za bustani yetu ya nyuma ya bweni.

Basi shauri langu kwa Mkuu wa Shule na kwa waalimu wetu ni la mambo matatu. Kwanza, kila mashine iwe na kadi yake, iandikwe tarehe iliyopanguswa, tarehe iliyopakwa pesti, na joto la prosesa kabla na baada, ambalo kwa mashine nyingi lasomeka katika mipangilio yake au kwa programu ya bure. Pili, neno MBOVU lisiandikwe mpaka kadi hiyo ionyeshe kwamba hayo yamefanyika na hayakusaidia. Tatu, sisi wa Kidato cha Nne, kabla hatujaondoka mwisho wa mwaka, tuwafundishe kazi hii wadogo zetu wa Kidato cha Pili, wawili kwa kila mashine, ili ujuzi usiondoke pamoja nasi.

Sidai kwamba mashine zote saba zitapona. Huenda moja ina diski iliyokufa, na nyingine ina ugonjwa usioponyeka. Hata ikipona moja tu, wanafunzi watatu watakuwa wamepata mahali pa kukaa. Wala tusidhani kwamba kutupa ni jambo jepesi: mwaka 2022 peke yake ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za takataka za vyombo vya umeme, na sehemu yake fulani, bila shaka, ilikuwa ni mashine ambazo hakuna aliyezifungua kuzitazama.

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ufa ni mwembamba kama unywele, na cha kuuzibia ni punje moja ya choroko. Mwenye maoni mengine na ayaandike katika toleo lijalo. Nami nitayasoma kwa furaha, mradi mwandishi wake awe amekwisha kufungua kompyuta.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne